Jina Lote la Namba Sita

Nyinyi vijana mnaotangaza mpira kwa simu zenu, mliniomba niwaandikie mbinu za kazi. Mlikuja watatu hadi nyumbani kwangu Kabiria, mkanywa chai yangu, mkamaliza viazi vitamu vyote, kisha mmoja wenu akaniambia, "Guka, tupee siri tu, hatutaki story mrefu." Siri mtapata. Lakini hadithi nayo mtaimeza, kwa sababu kwangu mimi haviuzwi kimoja kimoja.

Usinywe maziwa siku ya mechi. Maziwa huleta kohozi, nawe utakohoa wakati wa penalti. Kunywa maji ya uvuguvugu, na uweke kipande cha tangawizi shavuni. Majina ya wachezaji yaandike kwenye katoni, si kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi hupeperuka. Mimi niliwahi kutangaza dakika kumi nzima nikitaja wachezaji wa timu iliyocheza Jumapili ya nyuma, kwa sababu upepo ulichukua karatasi mpya ukaniachia ya zamani. Hakuna msikilizaji hata mmoja aliyelalamika. Siku hiyo ilinipasa kuiogopa kazi hii, lakini nilicheka mpaka nikatokwa na machozi.

Aliyenifundisha ni Mzee Onesmo, mtu mfupi wa koti moja la kijivu, aliyemdharau kila mtangazaji anayesoma namba mgongoni. "Namba ni nguo tu," alikuwa akisema. "Na nguo inachafuka. Angalia mtu vile anakimbia." Jumamosi moja alinikalisha kwenye ngazi za duka pale Adams Arcade tangu asubuhi. Alikuwa akinionyesha mtu anayeelekea kituoni, kisha mtu huyo akirudi na mizigo yake ilinibidi nimtambue kwa mwendo peke yake, bila kutazama uso wala shati. Kufikia saa kumi nilikuwa nikitambua watu kwa jinsi wanavyoburuta kisigino. Nilijiona nimefuzu. Onesmo akaninunulia mandazi mawili na kunipa neno la pili la kushika: "Ukikosea jina, rekebisha kabla mpira haujatoka nje. Mpira ukitoka, watu wanapumua. Wakishapumua, wamemeza."

Hayo mawili nimewafundisha wengi. Mimi mwenyewe niliyavunja yote kwa dakika moja, na ndiyo maana nawaandikia.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa kwa kinyozi hapa Kabiria, povu limejaa kidevuni. Vijana wawili walikuwa wakibishana juu ya viungo wa zamani, nani alikuwa bora kati ya Kibe na Zablon. Nilifurahi. Nikajisemea, kumbe watoto hawa waliozaliwa juzi bado wanawataja.

"Kibe alikuwa mnoma, wachana na hiyo story," mmoja akasema. "Huyo Zablon wako si ndio aliuza fainali?"

"Nani amekuambia aliuza?"

"Ngoja nikuwekee uskie."

Akabonyeza simu yake. Ilitoka sauti ya mvua, kelele za watu, halafu sauti ya mtangazaji mwenye kifua cha simba, iliyojaa uchungu: "Zablon! Zablon Mukabwa Ambetsa, umetuua! Umetuua mchana kweupe!"

Ilikuwa sauti yangu. Sikujua kwamba mtu aliihifadhi, sembuse kwamba inatembea kwenye simu za watu. Nikageuka na povu langu nikasema, "Haikuwa Zablon. Ule mpira aliurudisha Kibe. Mtangazaji alikosea."

Kinyozi akanishika kichwa. "Mzee, tulia nisikukate."

"Sasa wewe mzee umejuaje?" kijana akaniuliza, bila ubaya.

"Mtangazaji ni mimi."

Wakatazamana. Mwenye simu akairudisha nyuma, akaisikiliza tena akiwa ameinamisha kichwa, kisha akanitazama kwa huruma. "Mzee, huyu ako na sauti. Wewe yako ni ya kukwaruza. Halafu huyu msee alikuwa hapo, uwanjani. Si unaskia mvua?"

Nilinyolewa nikalipa nikatoka. Ujinga gani huu, kushindwa na sauti yako mwenyewe. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, na nilipofika langoni nikatambua kwamba wa kukasirikiwa ni mmoja tu, mimi.

Sasa niwalinganishe hawa wawili kama ilivyopasa kulinganishwa, maana nyinyi mnalinganisha kwa sifa, na sifa hizo mnazozisoma nilizitengeneza mimi.

Walicheza timu moja, katikati ya uwanja. Kibe alivaa nane, Zablon alivaa sita. Kibe alikuwa mtoto wa hapa kwetu Dagoretti, mrefu, mwenye madaha. Akipata mpira alikuwa akiukanyaga, akatazama kulia, akatazama kushoto, akampiga mtu chenga, akamngoja ainuke ampige nyingine. Zablon alitoka Magharibi, kimya, miguu ya matege kidogo. Mpira ukimjia ulikuwa umeshaondoka. Mguso mmoja tu, na winga yuko peke yake na kipa.

Mnajua redio inampenda yupi? Redio inampenda mtu anayekaa na mpira. Kibe akiushika nilipata nafasi ya kumsifu, kumtania, kumpa majina. Nilimwita Bwana Harusi, na nchi nzima ikamwita hivyo. Tena jina lenyewe ni silabi mbili, na ile ya mwisho inavutika: Kibeeee! Hata aliyelala anaamka. Zablon naye kabla sijafungua mdomo alikuwa ametoa pasi, na mimi niko kwa winga, winga yuko kwenye lango. Jina lake lilinasa kooni mara kumi katika mechi moja na halikutoka hata mara tatu. Aliyetoa pasi hakutajwa. Aliyecheza chenga tatu na kupoteza mpira alitajwa mpaka watu wakamshangilia majumbani.

Simpunguzii Kibe. Kibe alijua mpira, na anayekataa hilo ana wivu. Lakini ukiniuliza leo, nikiwa na uzee huu na bila kipaza sauti, nitakuambia timu ile iliendeshwa na Zablon, na Kibe aliipamba. Makocha walijua. Wasikilizaji hawakuwa na njia ya kujua, kwa sababu macho yao yalikuwa mdomoni mwangu.

Siku moja nililetewa studio, huko mjini, kadi ya salamu. Nyinyi hamzijui. Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake na anaowasalimia, nasi tukazisoma hewani. Hii ilitoka kwa mzee mmoja wa Magharibi, mwandiko wa kalamu ya risasi, umekandamizwa mpaka kadi imetoboka. Hakumsalimia mtu. Aliandika: "Mtangazaji, nakuomba utaje jina lote la mtoto. Zablon Mukabwa Ambetsa. Hapa kwetu kuna Zablon watatu na majirani wanasema si wangu."

Tulicheka sana mle studio. Nikasema, nikilitaja jina lote hilo mpira utakuwa umeshafungwa na kuanza tena katikati. Ile kadi niliitumia kuegemeza dirisha lisigonge. Nawaambia hili kwa aibu, na sijui kadi yenyewe ilienda wapi.

Ndipo ikaja fainali. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri, uwanja ukawa shamba la mpunga. Haikuonyeshwa kwa televisheni. Nchi nzima ilikuwa na redio tu. Ilikuwa mechi ya marudiano, na timu yetu ilihitaji sare tu ichukue kombe. Zilikuwa zimebaki dakika chache, bila kwa bila. Mchezaji wetu mmoja katikati akageuka aurudishe mpira kwa kipa. Mpira ukafika kwenye dimbwi ukasimama. Mshambuliaji wao akaukuta pale unamngoja, akafunga.

Nilitazama mgongo wa yule aliyeurudisha. Tope lilikuwa limeziba upande wa juu kulia wa namba, nikaona sita. Sikutazama mwendo. Mwalimu wangu alinikalisha kwenye ngazi siku nzima kwa ajili ya dakika ile moja, nami nikasoma nguo. Na niwaambie ukweli ambao ni mbaya zaidi ya tope: kosa lilipotokea, akili yangu haikuwa na mahali pa kuliweka kwa Kibe. Bwana Harusi hakosei. Nilikuwa nimemsifu mpaka mimi mwenyewe nikaamini, na nafasi ya kosa ilikuwa kwa yule mwingine asiyetajwa. Wapinzani wakaanza kushangilia, mpira uko wavuni, sina la kutangaza, na kwa mara ya kwanza nikawa na nafasi ya kutosha. Ndipo nikalitaja jina lote. Mnaweza kulisikia kwenye simu zenu.

Kisha nikainua macho. Ng'ambo kabisa ya uwanja, karibu na mstari, alikuwa amesimama mtu wa matege, mkono wake juu. Alikuwa ameuomba mpira tangu mwanzo, na mkono alikuwa hajaushusha. Nikamtambua kwa jinsi alivyosimama. Mpira ulikuwa bado haujawekwa katikati. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Samahani wasikilizaji, ni Kibe." Maneno manne, hata silabi kumi na tano hayafiki. Nikayameza. Nilikuwa nimelia hewani kwa sauti nzuri sana, na niliona haya kuiharibu.

Baada ya mechi msimamizi wangu aliniuliza, "Una uhakika ni Zablon?" Nikamwambia nina uhakika. Hiyo sasa haikuwa mvua wala tope. Ulikuwa uongo.

Mtauliza waliokuwa uwanjani. Wengi walikuja na redio ndogo sikioni, kama ilivyokuwa desturi, na kwenye mvua ile waliamini sikio kuliko jicho. Waandishi wa magazeti walikuwa wamejibanza chini ya paa, wakaniandika mimi neno kwa neno. Wachezaji walijua. Kocha alijua. Lakini Kibe alikuwa akingojewa na timu ya Uarabuni, na Zablon hakuwa akingojewa popote. Mashabiki walipiga kelele, viongozi wakataka mtu wa kumtoa, naye msimu haukwisha kabla ya kuambiwa asirudi mazoezini. Kazi aliyokuwa amepewa kwenye kampuni yenye timu ikaenda pamoja na jezi.

Kibe nilikutana naye miaka mingi baadaye pale Adams Arcade, karibu na zile ngazi zangu. Alikuwa amerudi kutoka Uarabuni na magoti mabovu. Tulikunywa chai. Nilingoja yeye aseme, naye nafikiri alingoja mimi. Mwishowe akakoroga kikombe kilichokwisha chai na kuniambia, "Tulikuwa kwa basi tukirudi. Dereva akaweka redio, ukarudia ile kitu. Boys wote wakamwangalia Zablon. Na mimi nikamwangalia." Akakisukuma kikombe kando. "Sijawahi sahau hiyo. Lakini wewe ndio ulisema. Mimi nilinyamaza tu."

Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye niliyesema. Tukaagana kama watu waliozika kitu pamoja na kila mmoja ana koleo lake.

Baada ya ile siku ya kinyozi sikuweza kulala na sauti yangu. Niliulizia, nikaambiwa Zablon yuko Waithaka, mgonjwa. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa karibu nami hivyo, akipiga plasta nyumba za watu, na huenda baadhi ya kuta ninazopita nikienda kanisani ni mkono wake. Nikanunua mkate, sukari na majani chai nikaenda.

Mke wake, Mama Everline, alinifungulia. Hakuuliza mimi ni nani. Niliposema hodi alikuwa ameshanitambua kwa sauti, hata hii ya kukwaruza, na uso wake ukakunjamana. Akachukua mkate akasema, "Karibu. Ako hapo kwa kiti."

Zablon alikuwa ameegemea mito, shuka magotini. Kifua kilikuwa kimemwisha, saruji ya miaka mingi. Alizungumza vilevile alivyocheza, mguso mmoja mmoja, kisha anapumzika.

"Mtangazaji," akasema.

"Zablon, ndugu yangu. Nimekuja kukuomba msamaha. Ile siku nilikuona. Nilijua si wewe, na mpira ulikuwa bado haujaanza."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Uliangalia upande yangu. Na kwa redio ya basi nikaskia umenyamaza kidogo. Wewe hukuwa unanyamaza."

Nilitamani anitukane. Alitazama tu mikono yake, iliyopasuka kama ukuta wa zamani, halafu akaanza kunisimulia juu ya baba yake, polepole, na mimi nikaelewa kwamba miaka yote nilidhani nilimwibia kazi na jina mbele ya nchi, kumbe si hilo lililomuuma.

Baba yake hakuwahi kufika Nairobi. Mpira wa mwanawe aliusikia tu. Betri zikikaribia kufa alikuwa akizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, zipate nguvu za mechi moja. Siku ya fainali aliwaita majirani wote, wale waliosema Zablon wa redioni si wake, wakajaa uani. Na jina likatajwa lote, kama alivyoomba.

"Mzee alizima redio," Zablon akasema. "Hakuivunja. Aliifunga na gunia. Akaweka juu ya dari."

"Hukumwambia?"

"Nilienda Krismasi. Nikamwambia, baba, haikuwa mimi." Akavuta pumzi, mkewe akamwinua mto. "Akaniambia, mwanangu, mtu wa redio alikuwa hapo. Mimi sikuwa hapo. Usiongeze uongo. Nimekusamehea."

Mama Everline alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi.

"Alikufa akiwa amenisamehea," Zablon akasema. "Kitu sikufanya."

Nililia. Sitawaficha. Mzee wa miaka yangu, kwenye kochi la watu, nikilia kwenye kitambaa chao cha kufuma. Ningetoa sauti yote niliyopewa, hata ile nzuri ya ujanani, nimpelekee yule mzee maneno manne. Niliuliza nifanye nini. Niende magazetini? Niende redioni niseme? Zablon akatikisa kichwa. Aliyepaswa kusikia alikuwa kaburini, na hao wengine hakuwahi kuwajali sana.

"Tangaza," akaniambia.

"Nitangaze nini?"

"Hiyo dakika. Vile ilikuwa. Mimi pia sijawahi kuisikia."

Nikaomba maji ya uvuguvugu. Mama Everline akaniletea kikombe, akaketi ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, kama watu walivyokuwa wakikaa zamani. Nilisafisha koo. Nilifumba macho niuone uwanja, na nikawatazama miguu, siyo migongo.

"Wasikilizaji, mvua bado ni kubwa, uwanja umejaa maji," nikaanza, na sauti ikapasuka, nikaiacha ipasuke. "Bila kwa bila. Mpira uko kwa Kibe, katikati. Kibe ameukanyaga. Anatazama kulia, anatazama kushoto. Kibe anageuka, anaurudisha kwa kipa, mpira umesimama, umesimama kwenye maji! Na ng'ambo kule, wasikilizaji, karibu na mstari, yuko peke yake, hana adui karibu, ameinua mkono, anauomba mpira. Ni mtoto wa Mzee Ambetsa. Ni Zablon Mukabwa Ambetsa."

Zablon alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Rudia jina," akasema.

"Zablon Mukabwa Ambetsa."

"Tena."

Nikalitaja tena, polepole, silabi zote, kama mtu ambaye mpira wake hauna haraka ya kwenda popote. Zablon aliinua mkono wa kulia kutoka kwenye shuka, juu kidogo tu, akaushikilia hapo. Mwezi uliopita alisafirishwa kwao akazikwa kando ya baba yake, na wasifu uliosomwa ulisema alipenda mpira. Lakini siku ile mkono ulikuwa juu, na mimi nikavuta pumzi niendelee na mshambuliaji wao.

"Zima hapo," akaniambia. "Zima kabla hawajafunga."

Nikazima.